Yuda wa Ndosho

Kila Ijumaa Kuu, katika mchezo wa Mateso parokiani kwetu Ndosho, Yuda alikuwa Papa Grégoire, jirani yangu, fundi wa milango ya bati. Wengine waligombania kuwa Petro. Yeye aliipenda nafasi ile, na watoto wakimwita Yuda njiani alicheka tu.

Kisha vita vikaingia mjini. Wenye bunduki walipita kwetu wakisaka vijana, wakamuuliza Grégoire nyumba ipi ina kijana. Alinyoosha midomo tu kuelekea mlango wangu, kama sisi sote tunavyoonyesha kitu. Walimchukua mwanangu Gauthier, tukamwokota maiti kando ya barabara ya Sake.

Kilio hakijaisha, Grégoire akaja kuketi chini mbele yangu. Alisimulia yote mwenyewe, akaongeza kwamba Mungu aliijua siku ile kabla hatujazaliwa, na anachokijua Mungu mtu hawezi kukigeuza. Padri alijaribu kunieleza kwamba kujua si kusukuma. Maneno ya wenye shule hayo, sikuyataka. Neno la Grégoire lilinifaa zaidi. Kama ilikuwa lazima, basi hakuna aliyenichagulia msiba huu, na ningeweza kuchota maji bomba moja na mtu yule bila kumrarua uso. Niliishi kwa neno hilo, maana sikuwa na lingine.

Ijumaa Kuu ikafika. Grégoire alitembea hadi kwa Yesu, akasimama, midomo ameibana. Hakumbusu. Alitikisa kichwa, akaenda kukaa pembeni. Askari wetu wa mikuki ya mbao wakabaki wanatazamana, hawajui wamshike nani. Watu wakacheka kidogo. Mwishowe padri akawaashiria, wakamkamata Yesu hivyo hivyo, mchezo ukaendelea mpaka msalabani.

Watu walipotawanyika alinijia analia, uso umemng'aa, amenyoosha mikono yote miwili.

"Mama Gauthier, umeona? Leo nimekatala, sikumbusu."

"Nimeona, Papa Grégoire," nikamjibu. "Kumbe ulikuwa unaweza."

Mikono ikamshuka. Nilibeba kiti changu nikarudi nyumbani.

Sasa nachota maji bomba la mbali. Namchukia, na sina tena neno la kuniinua asubuhi.