Mlango wa Mastura

Kaka yetu Uweso hakusomea udaktari, lakini ugonjwa wa dada Mastura aliujua kuliko hospitali nzima. "Kichaa hana kumbukumbu," alitangaza barazani, fulana ya mtumba ikimbana kitambi. "Akipiga kelele mlango ukigongwa, ni mashetani yake tu." Dawa aliyoipendekeza ilikuwa moja: Mastura apelekwe kwa mganga kule Pongwe, akae huko huko. Na chumba chake cha mbele, hapa Chumbageni, kibaki bure? Haiwezekani. Uweso angejitolea kukifanya duka la mitumba. Huruma iliyoje!

Mimi Mboni, mdogo wao, nilikuwapo asubuhi ile ya msako wa wahujumu uchumi. Mastura alikuwa ameweka sukari ya futari chini ya kitanda, na siku zile kuficha sukari kulihesabiwa hujuma. Mgambo hawakupiga hodi. Walivunja mlango kwa mateke, wakamburura kwa nywele mpaka barabarani, majirani wakitazama. Sauti za watu wasioonekana, huko darini, Mastura alizisikia tangu ujana, na alikwishazoea kuishi nazo. Woga wa mlango ndio uliokuja baada ya msako. Lakini Uweso angejuaje? Asubuhi ile alikuwa amejifungia chooni.

Nesi Praxeda wa kliniki ndiye peke yake aliyemuuliza Mastura yaliyompata. Sindano za kutuliza sauti aliendelea kumchoma, na pamoja nazo akaleta mazoezi. Walikaa mkekani, Mastura akasimulia msako ule mwanzo hadi mwisho, akarudia na kurudia, mpaka akaweza kuusema bila kulia. Kisha Praxeda akawa anatoka nje na kugonga, kwanza kwa kidole, baadaye kwa ngumi, na Mastura ndani akijiuliza kwa sauti: "Nimeona mgambo, au nimesikia mbao tu?"

Uweso alicheka mpaka akapaliwa. "Siku hizi serikali inaajiri watu wa kugonga milango!"

Ami Shaib, mkubwa wa ukoo, alikuja kutoka Kigombe kukata shauri. Uweso alikuwa amekwishaandaa ushahidi wake. Akauendea mlango wa Mastura kimya kimya, akaupiga teke, kama mgambo. Nilimchukia siku ile, na sioni haya kusema. Alitaka dada yake apige ukelele mbele ya mzee.

Nikamsikia Mastura ndani akivuta pumzi. "Ni mbao," alisema. Kisha komeo likafunguliwa, akatokea na mtandio kichwani.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba, mwanangu."

Akamgeukia Uweso. "Rudi nyuma upige hodi. Hata hao wanaonisemesha darini hunitolea salamu kwanza."

Uweso akamtazama Ami Shaib, akingoja mzee acheke. Mzee hakucheka.

"Mwenye chumba amesema," akamwambia. "Piga hodi."

Uweso akarudi nyuma, akapiga hodi. Mastura akamfungia mlango usoni.