Mtu wa Kunisemea

Sheria ya Mama Clotilde ni moja, na nilipoisikia nilijua nimekwisha. Siku ya kwanza ya usuluhishi, mume na mke hawafungui mdomo. Kila mmoja huja na mtu wa kwao, na mtu huyo huketi kando yake na kumsemea.

"Muntu akijisemea yeye mwenyewe, analia ao anatukana," alituambia. "Na bilio na matusi, nimesha kusikia bya kutosha."

Hakimu ndiye aliyetutuma kwake. Espérance, mke wangu, alikuwa ameomba talaka, nami sikuwa na nguvu ya kukataa. Kilichobaki kilikuwa Abigaëlle, binti yetu wa miaka minane. Espérance anarudi kwao Pweto, kwa dada yake anayeuza samaki wakavu, na alitaka kuondoka naye. Mimi nilitaka mtoto awe kwangu, hata wakati wa likizo tu. Hakimu akasema tukasikilizane kwanza. Tukishindwa, atakata shauri yeye.

Mimi ni Mnande. Watu wa Lubumbashi wakisikia neno hilo huona maduka na malori, wakadhani tumejaa mjini. Kweli tumejaa, lakini sokoni. Wazazi wangu na ndugu zangu wako Butembo, na vita vimekaa katikati ya njia. Walionisindikiza siku ya mahari wametawanyika, mmoja Kolwezi, mwingine Kampala, mwingine kaburini. Nauza sabuni na mafuta kwa jumla, wateja wangu siwezi kumaliza kuwataja, lakini mtu wa kuketi kando yangu sikumpata.

Basi nikaazima mjomba. Ndiyo, kuazima, kama watu wanavyoazima viti vya msiba. Lucien ana duka linalotazamana na langu, ana suti ya kijivu na sauti ya mhubiri. Nilimweleza mambo yangu harakaharaka, kati ya mteja na mteja.

"Usiogope, mukubwa," akasema. "Mimi njo famille yako, njo ndugu yako."

Chumba cha Mama Clotilde kiko Kenya, ile Kenya yetu ya Lubumbashi, nyuma ya kanisa, karibu na mafundi wa vyuma. Ukiwa na neno zito la kusema, unangoja kwanza mashine yao ya kukatia inyamaze. Upande wa Espérance ulijaa: mama yake, shangazi zake wawili, na Kapya, mjomba wake, ambaye sote tunamwita Yama. Walikuja hata na chupa ya chai. Upande wangu alikuwepo Lucien na suti yake.

Yama Kapya alisema machache. "Kwetu mutoto ni wa upande ya mama. Atarudia na mama yake. Baba akitaka kumuona, njia ya Pweto anaijua."

Lucien akasimama, ingawa hakuna aliyemwambia asimame. "Kwetu mutoto ni wa baba!" akanguruma. "Sisi famille ya Nzanzu, hatuwezi kuacha mwanaume wetu aende kukulia mu samaki. Ule kijana njo atarizi duka ya baba yake!"

Mashine ya mafundi ilikuwa imenyamaza. Shangazi mmoja akauliza, "Kijana gani?"

Lucien akanitazama. Mimi, kwa sheria, nilikuwa bubu.

"Kijana yetu," akasema. "Abi... Abel."

Walicheka mpaka Yama akaweka kikombe chini. Hakikuwa kicheko cha ubaya, lakini kilinikata. Nilimkasirikia Lucien, nikamkasirikia Mama Clotilde na sheria yake, nikavikasirikia vita. Na chini ya hasira yote hiyo kulikuwa na aibu ya mtu asiye na mtu. Lucien akakumbuka kwamba ana mteja anamngoja. Akaondoka, na kiti kando yangu kikabaki wazi.

"Papa Nzanzu," Mama Clotilde akasema, "hauna na mwengine? Bila muntu siwezi kuendelea. Itakuwa bote juu yako moja, na ile haina kupatanisha. Nitabarudisha kwa juge."

Kwa hakimu ningeshindwa. Mtu anayelala Kasumbalesa akisubiri malori yavuke mpaka hapewi mtoto, hilo nilijua.

Hapo Espérance akainuka. Hakumwangalia yeyote. Akavuka chumba, akaketi kwenye kiti cha Lucien, mkoba magotini.

"Weye, unafanya nini?" mama yake akauliza.

"Hana muntu," Espérance akajibu. "Mimi njo namujua. Nitamusemea."

Mama Clotilde akakubali kwa kichwa.

"Uyu bwana hajue kusema," Espérance akaanza. "Akikuwa na furaha, anafunga redio. Akikuwa na huzuni, anapanga makartoni. Nilisubiri myaka yote aseme kintu, nikachoka, njo maana tuko hapa. Lakini sasa niko muntu yake, acha niseme byake. Siku ya mungu asubui, yeye njo anasuka Abigaëlle. Haina mimi. Alijifunza kwa dada yake kule Butembo, na ananipita kusuka. Mutoto anaikala katikati ya magoti yake, na ni pale tu anasemaka. Anamuambia mambo ya milima ya kwabo, ya mama yake, ya baridi. Mi nasimamaka nyuma ya mulango nasikiliza, juu mimi hajaniambiaka."

Akavuta pumzi.

"Na kintu ingine. Anaogopa nyumba ya bule, yenye haina bantu. Nikiendaka kulala ku kilio ya bantu, nikirudia namukuta amelala pa kiti, mataa yote inawaka. Yeye hatabaambia. Anaomba vacances ya kubwa, na Noël. Ni ile tu."

Likizo kubwa na Krismasi, ndivyo hasa nilivyotaka. Nilitazama sakafu. Sikuwahi kujua kwamba alikuwa anasimama nyuma ya mlango. Ningejua, ningesema kwa sauti kubwa zaidi.

Espérance akarudi kwenye kiti chake, katikati ya watu wake.

"Na weye sasa, unajibu nini?" Mama Clotilde akamuuliza.

Yama alitaka kumsemea, lakini Espérance akamgusa mkono amwache.

"Vacances, ndiyo," akasema. "Noël, ndiyo. Kurudiana, hapana."

Hakuna aliyekuwa ameomba kurudiana. Lakini ombi hilo lilikuwa ndani yangu, na yeye alilijua, akalijibu.

Yama akanimiminia chai, akanipa mkono. Undugu ni kufaana, si kufanana, watu husema. Ndugu niliyempata, Espérance, alikuwa tayari nje, anasimamisha pikipiki.

Jioni, nikiwa peke yangu nyumbani, simu ya Butembo ikaingia. Mama anajua tuna ugomvi na kwamba siku hiyo tulikaa kusuluhishwa; neno talaka sijawahi kumtamkia.

"Walikusikiliza?" akauliza.

"Walinisikiliza, mama."

"Na sisi tuko mbali hivi. Nani alikusemea?"

"Espérance."

Akalitaja jina hilo tena, polepole.

"Basi ulioa, mwanangu," akasema. "Muntu wa hivyo usimuachilie."

Nikageuza kichwa kutafuta mtu wa kumjibu kwa niaba yangu. Nikamwambia nimesikia, tukaagana, kisha nikawasha taa zote.