Suti ya Kiboriloni

Mektrida aliinua mkono juu kabisa, akadanganya.

Walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki kando ya bwawa la shule moja ya bweni mjini Moshi, watu wazima wenye vitambi na taulo mabegani, wanagombana kwa sababu ya nguo. Si siasa wala bei ya kahawa. Nguo ya kuogelea. Klabu yao ya waogeleaji wa umri mkubwa ilikuwa imetulia tuli mpaka Sirili, mwenye duka la dawa, alipoletewa na mpwa wake aliyeko Ujerumani suti ya mashindano. Kilikuwa kitambaa chembamba, kinabana kuanzia kiunoni hadi juu ya goti, kinafukuza maji na kumnyanyua mtu ili nyonga zisizame. Siku alipoivaa, Sirili aliyezoea kupitwa na kila mtu alimpita kila mtu. Amani ikaishia hapo.

"Mimi nguo yangu nimeshona mwenyewe," alisema Sikudhani, fundi cherehani wa Pasua. "Inaanzia kichwani, inaishia kwenye vifundo vya miguu. Ndiyo dini yangu, wala sijutii. Kila nikipiga mkono nabeba ndoo ya maji, na hamjawahi kunisikia nalalamika. Lakini kama sasa zinazoshindana ni nguo, basi sisi twendeni tukanywe chai. Nguo tuziache humo majini zifukuzane zenyewe."

Watu walicheka, Sirili naye akacheka kwa shingo upande.

"Uzee umetunyang'anya," alijitetea. "Suti inaturudishia kidogo tu. Mbona miwani mnavaa na hamsemi ni wizi?"

"Miwani haikusukumi mbele, kaka Sirili."

Mwenyekiti wao, mzee Wenseslaus, mstaafu wa reli asiyependa kelele, alisema klabu ya Arusha wanakuja kushindana nao na wao suti hizo wanaziruhusu. Akaitisha kura. Mikono ya kukubali na ya kukataa ikalingana, na wote wakamgeukia Mektrida, ambaye mikono yake ilikuwa bado mapajani. Ukimtoa Sirili, ni yeye peke yake aliyekuwa na suti ya namna hiyo.

"Mimi shida yangu ni goti," alisema Mektrida. "Daktari alinionya nisilichoshe, na suti hii inalishika vizuri. Naomba ziruhusiwe." Ndipo akainua mkono.

Goti lake lilikuwa zima kama la mbuzi.

Walipokuwa wanatawanyika, Sikudhani alimsogelea huku anakamua maji kwenye mikono ya nguo yake. Siku nyingine wangetoka wote wawili, wakapata chai na maandazi kabla mmoja hajashuka Pasua na mwingine hajapanda Kibosho. "Mwalimu," alimwuliza taratibu, "hilo goti limeanza kuuma lini?" Mektrida akajifanya anatafuta ndala zake, na alipoinua kichwa mwenzake alikuwa ameshaondoka.

Angemwambia nini? Kwamba anaogopa maji? Mwalimu mstaafu, aliyefundisha nusu ya watu wa Kibosho kusoma, mwanachama halali wa klabu ya kuogelea, anaogopa maji! Lakini ukweli ulikuwa huo, na aliuficha kwa aibu kubwa. Alipokuwa mtoto alitumbukia kwenye nduwa, bwawa la udongo ambalo watu wa mlimani hukusanyia maji ya mfongo, mfereji wao wa asili, ili wamwagilie migomba. Alikunywa matope. Baba yake alimdaka gauni kwa mgongoni akamvuta juu, na kitu alichokikumbuka zaidi ya maji ni lile gauni lililokaza mgongoni, likimwinua. Alipostaafu alijiandikisha klabu kwa ubishi tu, akiona haya kufa na hofu ya kitoto. Akajifunza mitindo yote. Lakini kila alipofika pale vigae vinapoanza kuwa vyeusi, bwawa linapozama kwenda kina kirefu, aligeuza. Alisingizia miwani inavuja maji. Alisingizia mkono umekufa ganzi.

Halafu akaipata suti. Alikuwa soko la Kiboriloni anachambua mitumba, anatafuta sweta, mkono wake ukagusa kitu chembamba chenye kuteleza. Akakivuta. Ilikuwa suti ya kike, ya mabegani hadi magotini, ndugu kabisa na ile ya Sirili. Aliifikisha nyumbani akaitendea kama mtumba wowote unavyotendewa katika nyumba ya watu wanaojiheshimu. Aliiloweka kwenye maji ya moto na sabuni ya unga, akaisugua, akaianika juani, kisha akaipiga pasi ya mkaa mbele na nyuma, maana nani asiyejua kwamba inzi hutaga kwenye nguo zilizoanikwa na mabuu yake yakamwingia mtu mwilini? Ilitoa harufu kidogo, akapunguza mkaa. Baada ya hapo ikavalika bila taabu. Sirili alikuwa akijikamua ndani ya yake huku anaguna mpaka watu wanamwonea huruma, lakini Mektrida aliingia kwenye yake mara moja, akajiona bado ana umbo.

Siku ya kwanza kuivaa alipita kina kirefu. Alifika palipo na weusi, akafumba macho, akasikia mgongoni kitu kimemshika, akaendelea mpaka ukuta wa mwisho. Alilia ndani ya miwani yake. Tangu siku hiyo alipita kila wiki, na kila wiki alimshukuru Mungu kwa ile suti. Sasa utampokonyaje mtu kitu kama hicho kwa kura?

Arusha walikuja Jumamosi ya baridi, mlima umejifunika mawingu mpaka shingoni. Mwamuzi wao alikuwa Ummy, mwanamke kijana mwenye filimbi kifuani, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kukagua mavazi. Alibeba kopo la maji. Alichovya vidole, akamnyunyizia Sirili pajani, na matone yakasimama, yakabiringika, yakadondoka kama maji kwenye jani la gimbi.

"Safi sana, baba," alisema.

Akamnyunyizia Mektrida tumboni. Maji yakaingia. Yakaacha doa jeusi lililotanuka polepole.

Ummy akanyunyiza tena, begani. Yakaingia tena.

"Shikamoo mama. Samahani, hii suti uliipata wapi?"

"Marahaba. Kiboriloni."

"Ukaifua?"

"Kwa maji ya moto na sabuni."

"Na pasi je?"

"Sasa mtumba utauvaaje bila pasi?" aliuliza Mektrida kwa mshangao wa kweli.

Nyuma yake watu waliangua kicheko. Ummy mwenyewe alibana midomo. "Mama yangu, hizi haziguswi na moto kabisa. Umeiua. Hapo umevaa nguo tu, haikushiki wala haikuinui. Lakini hujavunja sheria yoyote, utaogelea."

"Imekufa lini?"

"Siku hiyohiyo ya pasi."

Kuna mtu ambaye angefurahi. Angepiga kifua, aseme kumbe miezi yote hii ni mimi mwenyewe niliyekuwa naogelea. Mektrida hakufurahi hata chembe. Alisikia baridi inamshuka kutoka utosini hadi kwenye nyayo, kama mtu anayeamka asubuhi akaonyeshwa nyoka chini ya mto aliolalia. Miezi yote hiyo alikuwa juu ya maji yale marefu na hapakuwa na mkono wowote mgongoni mwake. Hakuna kilichomshika. Angeweza kuzama siku yoyote, na siku yenyewe huenda ni leo.

Alimfuata mzee Wenseslaus. "Mwenyekiti, tumbo limenivuruga. Nitoe."

"Mwalimu, kuogelea kwa kupokezana kunataka watu wanne, na sisi ndio hao wanne tulioandikishwa," alisema mzee kwa upole. "Ukitoka wewe tumetoka sote. Jikaze, ni kwenda tu, hurudi."

Kwenda tu! Kwenda kwenyewe ndiko kulikokuwa na kina. Wenseslaus angeanzia upande wa maji marefu aje kwenye maji mafupi. Mektrida angepokea hapo na kwenda hadi ule ukuta wa mwisho, ambako Sikudhani alikuwa anamsubiri, Sikudhani ambaye hajamsemesha tangu kura. Sirili ndiye angemalizia.

Filimbi ikalia. Mektrida alimwona mwenyekiti anakuja, mkono mmoja baada ya mwingine, akamwombea achelewe. Mzee hakuchelewa. Aligusa ukuta, na mtu akapiga kelele "Mwalimu, twende!" na miguu yake ikaruka kabla kichwa hakijakubali.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Maji yalikuwa mafupi, vigae vyeupe viko karibu, na alijua akitaka anasimama. Akahesabu pumzi zake. Kisha vigae vikaanza kuteremka na kuwa vyeusi, naye akatega mgongo kutafuta ule mshiko aliouzoea. Hakuupata. Akautafuta tena. Nyonga zikamlemea, miguu ikashuka, na alipogeuza uso kuvuta pumzi akavuta maji. Akakohoa ndani ya maji. Ladha ya matope ikamjia kooni, ingawa maji yalikuwa safi. Nakufa, aliwaza, nakufa hapa mbele ya watu wa Arusha. Akarusha mkono kando akaikamata kamba ya kutenganisha njia, akaikumbatia kwa mikono yote miwili.

Mwogeleaji wa Arusha aliyekuwa pembeni yake aliendelea. Kelele za watazamaji zikapungua, zikakoma. Watu waliona.

"Mama, unaweza kupumzika hapo, usivute kamba tu!" Ummy alipaza sauti. "Nikutoe?"

Akisema ndiyo, wangemtoa. Angekaushwa na taulo, angepewa chai ya tangawizi, na asingeyakaribia tena maji yale maisha yake yote. Alilijua hilo waziwazi, na lilimtisha karibu sawa na kile kina.

Kwenye ukuta wa mwisho Sikudhani alikuwa amepiga magoti, nguo yake ndefu, iliyolowa tangu mazoezi ya asubuhi, imemganda mwilini.

"Siku!" Mektrida aliita. Sauti ilimtoka ya kitoto. "Siku, goti langu halina kitu! Nilidanganya! Naogopa!"

Bwawa zima lilisikia. Wanafunzi wake wa zamani waliokuja kumshangilia walisikia.

"Najua!" Sikudhani alijibu. "Nilijua siku ileile!"

"Naogopa mno!"

"Haya, njoo!"

"Nimekuambia naogopa, Siku, siwezi!"

"Na mimi sijakuambia uache kuogopa, Mwalimu. Nimekuambia njoo! Njoo hivyohivyo na woga wako, mimi sibanduki hapa!"

Mektrida alisubiri woga upungue kidogo ili apate nafasi ya kuondoka. Haukupungua. Vidole vyake vilikuwa vimekakamaa kwenye kamba na ilibidi avifungue kimoja kimoja, kama vya mtu mwingine. Alifungua cha mwisho huku meno yanagongana.

Akaogelea vibaya. Kichwa juu kama mbwa anayevuka mto, mikono inapiga maji pande zote, mitindo yote aliyojifunza imemtoroka. Kila pigo alikuwa na hakika ndilo la mwisho. Alisema Salamu Maria akakosea maneno, akaanza upya, akakosea tena. Macho yake hayakumwacha yule mwanamke aliyepiga magoti, naye hakumwita tena wala hakumnyooshea mkono. Alimngoja tu. Maji yakawa mengi, kisha mengi zaidi, kisha kiganja chake kikagonga kitu kigumu.

Hapohapo Sikudhani akainuka, akaruka juu yake. Nguo nzito ilipiga maji kwa kishindo, ikaenda zake inaburuta ndoo zake zote, ingawa Arusha walishamaliza zamani na baadhi yao walikuwa wanajifuta.

Ummy aliinama akampa mkono. "Mama, toka basi. Unatetemeka."

"Niache kidogo," alisema Mektrida.

Bado alikuwa anaogopa. Mkono wake mmoja ulikuwa umeng'ang'ania ukingo. Miezi yote hiyo alikuwa akipita mahali hapa macho yamefumbwa, na hakuna aliyejua isipokuwa yeye. Alivuta pumzi, akaweka uso ndani ya maji, akatazama chini. Kulikuwa na vigae vyeusi, mbali sana, na katikati hapakuwa na kitu kingine isipokuwa miguu yake miwili ya kizee, inapiga.