Mambo ya Bi Pindo Katika Madaftari ya Watu

Alfajiri, maji ya chai yakiwa bado hayajachemka, Bi Pindo alifuta meza kwa kiganja, akaketi mbele ya shajara yake na kuanza kufikiria cha kuandika. Lilikuwa daftari la kawaida lenye jalada la kijani, walilogawiwa wafanyakazi wote wa karakana ya magodoro, na kazini waliliita daftari la roho. Kila mtu aliagizwa aandike ukurasa mmoja kabla ya kuja kazini, juu yake yeye na Mungu wake, na Ijumaa wasomeane. Bi Pindo alishona mapindo ya makava ya magodoro tangu usichana, hata jina lake la kuzaliwa watu walishalisahau. Yeye na Mungu hawakuwa na ugomvi. Shida ilikuwa huo ukurasa. Aliandika kwamba anashukuru uzi haukukatika jana, akaongeza mvua, na bado ukurasa ulibaki mweupe karibu wote.

Lililomkaa kooni alilijua. Mdogo wake wa kike, mkata sponji, alikufa kwa moshi ndani ya stoo ya karakana hiyohiyo, kiangazi kilichopita. Stoo ilikuwa ikifungwa kwa nje mkataji akiwa ndani, kwa sababu mabaki ya sponji yalikuwa yakipotea. Ufunguo alikaa nao msimamizi, ambaye kwa kuwa ndiye aliyeongoza sala za asubuhi aliitwa Mlezi. Moto ulishika wakati wa sala. Uongozi ulisema hakuna aliyesikia chochote kwa sababu ya kelele za mashine, wafanyakazi wakaitikia, msiba ukaisha, yakaja madaftari.

Lakini wakati wa sala mashine huzimwa. Huzimwa zote, na Mlezi ana sharti lake: atakayefumbua macho kabla ya amina, huyo amevunja sala ya wote. Kwa hiyo mlango wa stoo ulipogongwa watu wote walisikia, na watu wote wakazidi kukaza macho.

Hilo ndilo Bi Pindo aliloamua kutoliandika. Marehemu alimwachia mtoto wa kike, na mtoto alikula kwa cherehani ya karakana. Tena mtoto alikuwa ameambiwa kwamba mama yake alipitiwa na usingizi mle ndani, akaondoka hana habari. Bi Pindo aliandika mstari mmoja zaidi kuhusu afya njema, akafunga daftari, akaenda kuepua chai.

Kazini alikutana na Mtia Vifungo, jirani yake wa meza, akiwa na daftari kwapani.

"Shoga, mambo yako yameingia kwangu tena," alisema, kwa sauti ya mtu anayerudisha sufuria.

Alifungua. Chini ya ombi lake la miguu ipone, kwa mwandiko wake mwenyewe ulioinama kushoto, palikuwa pameandikwa: Mashine zilikuwa zimezimwa.

"Mimi nilikuwa naombea miguu," alisema Mtia Vifungo. "Sasa ukurasa umejaa, miguu yangu sijui imeishia wapi."

"Nisamehe, shoga. Nitajitahidi."

"Jitahidi, maana madaftari hawaongezi."

Mpakiaji wa magodoro yalimwingilia nusu ukurasa. Aligonga kwa kiganja, liliandika daftari lake. Kisha akagonga kwa kiatu. Kisha kwa kitu kidogo, labda kijiko. Mpakiaji alikuwa mtu muungwana, hakuja kulalamika. Alizibandika kurasa mbili pamoja kwa gundi ya sponji, na wenzake walipoona inashika vizuri nao wakabandika. Baada ya wiki chache madaftari ya karakana nzima yalikuwa magumu kama vibao vya kukatia mboga.

Mlezi alimwita ofisini, akamkaribisha kiti.

"Dada yangu, mimi sikulaumu. Lakini kila mtu abebe ya kwake. Hata kwangu yameingia." Alilipiga daftari lake kofi dogo. "Andika jambo uyatulize. Andika kwamba ulipitia majaribu."

"Majaribu gani?"

"Majaribu tu. Wengi ndivyo wanavyoandika."

Bi Pindo alitoka pale amefarijika, maana Mlezi alikuwa na sauti ya kumtuliza hata mtoto mwenye homa, na hilo lilimchukiza baadaye alipokumbuka. Kesho yake aliandika kwamba alipitia majaribu. Ukurasa uliyakubali, na wino ukakauka salama.

Jioni ileile mtoto alirudi kutoka shule na daftari la hesabu, uso umemshuka.

"Mamkubwa, mwalimu amenikosesha."

Chini ya tisa mara sita, kwa tarakimu na herufi za mtoto zilizopandana, palikuwa na jibu sahihi, na baada ya jibu maneno haya: Aligonga mpaka sala ilipokaribia kwisha. Mwalimu alikuwa ameweka kosa jekundu na kuandika pembeni, Jibu swali uliloulizwa.

"Nani aligonga?" aliuliza mtoto.

Bi Pindo alikuwa na kitunguu mkononi. Aliendelea kukimenya mpaka hakikubaki cha kumenya.

"Mama yako."

"Kwani hakuwa amelala?"

"Hakulala."

"Nyinyi mlikuwa wapi?"

"Tulikuwa tunasali."

Mtoto alifikiri kidogo. Kisha alichukua kifutio na kuanza kuyafuta yale maneno, polepole, asije akachana karatasi, kwa kuwa mwalimu aliagiza kazi irudishwe safi. Bi Pindo alimtazama anavyopuliza vumbi la kifutio, na aibu ikamshika mpaka masikio yakawaka moto. Alimchukia Mlezi, akawachukia wote waliokaza macho, na macho yake mwenyewe akayachukia kuliko ya wote.

Alfajiri iliyofuata alipiga moyo konde akaandika. Aliandika habari ya mashine, kiganja, kiatu na kijiko, na mlango uliofungwa kwa nje, na jinsi alivyoijua sauti ya mdogo wake hata kabla haijaita jina. Ukurasa mmoja haukutosha. Alipofika kazini, Mtia Vifungo alimwonyesha kwa furaha kwamba kurasa zake zimeachana zenyewe, ni nyeupe pe, na miguu yake imerudi mahali pake.

Ijumaa, zamu yake ilipofika, Bi Pindo alisimama akasoma yote. Alijua huenda huo ndio ukawa mwisho wa kazi yake. Alisoma mpaka neno la mwisho akaketi. Watu wakasema amina.

"Tumshukuru dada yetu kwa kutufungulia moyo wake," alisema Mlezi. "Nani anafuata?"

Alifuata mpakiaji, akashukuru kwa mgongo wake usiouma.

Bi Pindo hakufukuzwa. Jumatatu alfajiri alifungua daftari aone ataandika nini sasa, akakuta ukurasa umeshaandikwa. Mwandiko ulikuwa wake, na ile herufi ya kwanza iliyovimba kama anavyoivimbisha yeye. Ulisema: Mimi nilisikia mapema kuliko wote, kwa kuwa mimi peke yangu nilikuwa nimefumbua macho. Nilikuwa nimebakiza aya tatu za sala, wapendwa, na niliona vibaya kuzikatisha.

Karakana nzima hapakuwa na mwingine aliyewaita watu wapendwa ila Mlezi. Bi Pindo alisoma mara mbili, akanywa chai yake iliyopoa, akalibeba daftari mpaka ofisini kwa Mlezi, kwa kuwa jambo la mtu likiingia kwako unampelekea.

Mlezi alivaa miwani, akasoma bila haraka.

"Ni langu kweli," alisema. "Umefanya uungwana kunirudishia." Aliweka rula juu ya karatasi, akaichana kwa unyofu, akaikunja na kuitia mfukoni. "Ila mwandiko ni wako, dada. Lingeonekana na watu lingekuletea matatizo."

Kisha saa ya sala ikafika. Mkata sponji mpya, msichana aliyeajiriwa baada ya msiba, aliingia stoo na kisu chake, Mlezi akafunga kwa nje, akajaribu kitasa, akaja kusimama mbele ya kundi. Mashine zilizimwa moja baada ya nyingine. Aliwaomba wapendwa wafumbe macho, wakafumba, na Bi Pindo akafumba. Ukumbi ulitulia kabisa, na katika utulivu ule kila mtu alikisikia kisu cha msichana kikipita kwenye sponji, upande wa pili wa mlango.