Seli Zilizonyamaza

Wengine wana wadogo zao wanaofuga kuku. Wangu anafuga kuvu, kwenye maabara anakotafuta dawa. Anazitoa kwenye sifongo za baharini, anazilisha sukari iliyochanganywa na maji ya chumvi, kisha anazichungulia kila asubuhi kama mzazi mwenye mapacha. Ukizipa maji ya bomba, alinieleza, zinanenepa tu na hazitoi kitu cha maana. Nikamwambia basi hazina tofauti na mumewe.

Mimi ni fundi cherehani. Vidole vyangu huamka vimevimba, na siku nyingine mkasi haushikiki mpaka jua lipande. Vidonge vya hospitali vilinisaidia, kisha vikanichoma tumbo hadi daktari akanikataza. Kazi nyingine siijui. Nilikuwa na hofu, sifichi.

Kwa hiyo aliponipigia simu huku akicheka, niliiacha suruali ya mtu chini ya sindano.

“Dada, imekubali! Tumezichokoza seli mpaka zikawa zinamwaga kemikali zinazoleta uvimbe. Tukatia tone la dawa tuliyoitoa kwenye kuvu. Kimya!”

“Kimya kabisa?”

“Hata dalili hakuna.”

“Basi niletee.”

“Bado, dada. Hayo ni ya kwenye kisahani cha maabara, siyo ya mtu.”

“Kati yangu na kisahani, nani anaumwa?”

Nilimsumbua wiki nzima. Nilimpigia akiwa kazini, nikampigia akila. Mwishowe akachoka, akasema atakuja Jumamosi na kidogo cha kupaka. Mimi nikapokea vitambaa vya sare za shule nzima.

Jumamosi alifika na jua kali, amevaa shati la mikono mirefu na vifungo vyote amefunga. Hakubeba kitu. Akakaa kwenye kiti cha wateja.

“Zile seli hazikutulia,” akasema. “Jana nimezitia rangi ambayo huingia kwenye seli zilizokufa tu. Zote zimekuwa bluu. Zilinyamaza kwa sababu tuliziua.”

“Na hilo hukulijua kabla ya kunipigia?”

“Ilitakiwa tuanze na hiyo rangi. Nilifurahi mno, dada.”

Hasira zikanipanda. Nilimwambia kaniweka roho juu bure, sasa nitawaambia nini watu wa sare? Alipoinua mkono kufuta jasho, shati likamvuta, akakunja uso. Nikamwambia akunje mkono wa shati nione. Akakataa. Nikakifungua kifungo mwenyewe, kwa vidole hivi hivi vibovu, na ilinichukua muda.

Chini ya kiwiko ngozi ilikuwa imebabuka, pembeni nyekundu, katikati nyeupe kama iliyomwagiwa maji ya moto.

“Nilijipaka juzi,” akasema. “Sikutaka uwe wa kwanza kuijaribu. Ilipoanza kuunguza ndipo nikakumbuka ile rangi.”

Nilikuwa nimemkera, nimemsimanga, nimempigia simu hata akiwa mezani, na yeye alikuwa amekaa peke yake na kichupa cha dawa akiwaza vidole vyangu. Niliona aibu mpaka nikashindwa kumtazama.

“Jumatatu naanza na kuvu nyingine,” akasema.

“Anza. Mimi sikuulizi tena.”

Nikafunga duka, nikampeleka zahanati. Tuliporudi alinisaidia kukunja vile vitambaa, yeye kwa mkono mmoja, mimi kwa vidole vilivyokubali, nikavirudisha shuleni bila kushonwa.