Kiti cha Nesi

Barua mbili ziliingia wiki moja, kama pacha. Chuo cha kwanza cha biashara kilisema jina la Mama Pasi limewekwa kwenye orodha ya kusubiri. Cha pili kilisema yale yale, ila kwa upole zaidi. Nafasi ikipatikana, angeitwa. Akitaka jina libaki, athibitishe kwa simu kabla ya Ijumaa saa sita mchana.

Mama Pasi, msimamizi wa chumba cha kufulia cha hospitali, alikaa siku tatu bila kupiga. Ijumaa asubuhi, kabla ya kwenda zamu, dada yake akamkalia kooni.

"Hawajakukataa," dada alisema huku akimenya vitunguu. "Wamekwambia ukae barazani. Sasa unaondoka hata chai hujaletewa?"

"Nimeshindwa kuomba, dada."

"Wewe? Wewe unayeombea hata mashine isikwame?"

Ndipo Mama Pasi akafunguka. Kila alipopiga magoti, ulimi ulikuwa mzito. Nafasi haidondoki kutoka juu. Lazima aliyeipata aiachie. "Nimwambie Mungu nini? Mtoe mwenzangu nikae mimi?"

Dada alitaka kucheka, akaona machozi ya Mama Pasi si ya vitunguu. Akamuuliza taratibu kule shule ya jioni aliyosoma zamani alikuwa anakalia kiti gani.

Swali hilo lilimrudisha miaka saba nyuma, kwenye darasa la watoto lililoazimwa jioni, viti vidogo hata magoti yakakaribia kidevu. Viti vilikuwa ishirini, watu wazima thelathini. Waliochelewa walisimama ukutani, na yeye alichelewa kila siku, kwa kuwa shuka za wodi ya wazazi hazikuisha. Mwalimu, karani mstaafu, aliwaita "vijana wangu," na mdogo wao alikuwa na miaka thelathini na tano. Kila ilipofika saa moja kasoro robo, nesi mmoja wa zamu ya usiku alifunga daftari, akavaa sweta, akapita ukutani na kumgusa bega.

"Kaa, shoga. Nimekupashia moto."

Kwenye kiti hicho chenye joto la mtu mwingine ndipo alipojifunza asilimia. Jioni zile alizitamani tena: kuwa mjinga kuliko wote darasani na asione haya hata kidogo. Wala hakuwahi kumwombea nesi aondoke. Nesi aliondoka kwa sababu palikuwa na wagonjwa waliomngoja.

Mama Pasi akaingia chumbani, akapiga magoti. Akamwombea mtu asiyemjua, yule aliyeshika nafasi chuoni: kama anabaki, afaulu, kama anaondoka, basi awe ameitwa kwenye jambo jema. Safari hii maneno yalitiririka.

Saa tano na nusu, akiwa kazini, akapiga simu, akaanza na chuo cha kwanza. Msichana wa ofisini akamwuliza kama jina libaki.

"Libaki, mwanangu. Mimi ni wa ngapi?"

"Wa kumi na tisa, mama."

"Na wa kumi na nane ameshapiga?"

Karatasi zikasikika zikifunuliwa. "Huyo bado."

"Basi tukimaliza mpigie yeye," Mama Pasi akasema. "Saa sita imekaribia."