Zebaki Kwenye Tromboni

Mimi kuongea mbele za watu siwezi. Hata darasani mwalimu akiniuliza, jibu ninalo ila mdomo haufunguki. Babu Telesphori, anayetufundisha bendi ya parokia hapa Ushirombo, hakuwahi kunilazimisha. Alinipa tromboni yake ya shaba akasema, "Ongea na hii."

Hiyo tromboni imemzidi yeye umri, lakini haijabonyea popote. Bomba lake unalivuta na kulisukuma kwa kidole kimoja. Babu analipaka mafuta ya cherehani, halafu anaifunga yote kwenye kitenge cha marehemu mke wake. Wapigaji wanatoka mpaka Geita kuja kuijaribu. Agapiti, bodaboda wa Katoro anayepiga nasi bendi, aliipuliza mara moja tu akagoma kuirudisha.

"Babu, chukua pikipiki yangu. Mke wangu nitamwambia imeibiwa."

"Na tromboni utamwambia umeizaa?"

Sikukuu ya somo wa parokia, mtakatifu wetu msimamizi, ilikuwa niipige mimi, peke yangu, kanisa zima linasikiliza.

Sasa kwenye kona ya bomba kulikuwa na doa jeusi. Nilishalisugua kwa majivu, kwa limau, wapi. Kaka yangu Enock anaosha dhahabu kwenye mwalo wa wachimbaji, zebaki yake ya kuinasia anaiweka kwenye chupa ya soda. Niliwahi kumwona anasugulia sarafu, ikang'aa kama kioo. Jumamosi, siku moja kabla ya sikukuu, nikaiba kidogo, nikaenda kuifuta tromboni uani kwa babu kama kawaida. Babu alikuwa amejilaza ndani. Doa likapotea, kona yote ikameremeta nyeupe. Nikaifunga kwenye kitenge nikamwachia. Nilitaka aione mwenyewe kesho.

Kesho yake, nje ya kanisa, babu akaifungua. Ule weupe ulishafifia, umekuwa kama vumbi. Akavuta bomba, limekwama. Akapuliza, pumzi ikatokea pembeni. Agapiti akainama, akaona ufa mwembamba kama unywele, pale pale kwenye kona.

"Babu, umeiangusha hii."

Babu akaangalia mikono yake. "Nitakuwa nimeigonga mahali. Siku hizi nasahau sana." Akanigeukia. "Nisamehe mjukuu wangu. Nimekuharibia siku yako."

"Haya, babu."

Ndiyo nilichosema. Haya, babu.

Jioni nikamuuliza Enock, "Eti zebaki inakula shaba?"

"Inaila mpaka inapasuka. Kwani vipi?"

"Basi tu."

Mazoezi yaliyofuata babu hakuja. Ufunguo wa sanduku la vyombo alimpa Agapiti, akasema mikono yake haiaminiki tena.

Jana nikaenda kwake nimwambie. Njia nzima nilikuwa nayasema yale maneno. Nikapiga magoti, nikamwamkia. Akaitikia marahaba, akaningoja. Akaningoja sana.

Nikachukua ndoo, nikamchotea maji, nikaondoka.